Sakoshi ya Mama Mukwe

Mutu wa kunishangaza mimi bado hajazaliwa. Ninasema hivi nikiwa nimekaa mbele ya duka yangu, hapa Birere, katika muji wa Goma, mahali kunapita watu wa kila namna toka asubui: wa kuuza, wa kununua, wa kuiba, na wale wanaopita tu ili waone wengine wanafanya nini. Nimeona mutu akiuza kiatu kimoja, cha kushoto, na akapata munuzi. Nimeona volkano ikiteremuka na baba mumoja akirudi ndani ya nyumba kutafuta kofia. Mimi mwenyewe nilianza na chukudu, ile baisikeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya mukubwa wangu, nikiteremusha viazi na makala toka Munigi mupaka katikati ya muji, miguu wazi juu ya mawe ya volkano, na leo niko na duka mbili, nyumba ya matofari kule Majengo, na watoto wote wanasoma, mimi niliyeishia mwaka wa ine wa primeri. Hakuna mutu alinisaidia. Kama yuko, asimame, nitamupa kiti.

Ninauza sakoshi, ile mikoba ya wanawake. Ninauza kopi, na ninasema ni kopi. Mama akiingia na kuniuliza, “Papa, hii ni orijinali?” ninamujibu, “Mama, orijinali ni wewe, hii ni dada yako mudogo.” Anacheka, anatoa pesa. Kazi ni hiyo. Na katika kopi kuna vyeo, sawa na kwa askari. Kuna ile inayonuka gundi, inapasuka kabla haijafika nyumbani. Kuna ya katikati. Na kuna ile ya juu kabisa, yenye sanduku lake, yenye mufuko wake wa kitambaa cheupe wa kuilaza ndani, na ka karatasi kagumu kenye maandiko ambayo hata yule aliyeyaandika hawezi kuyasoma. Mimi ninafunga macho, ninapitisha kidole gumba juu ya mushono, ninakuambia cheo chake. Watu wa duka zingine wananiletea zao niziguse. Sijawahi kukosea.

Basi mutoto wangu wa kwanza, mwalimu wa segondari, kijana wa adabu ambaye hasemi sana (sijui adabu ile aliitoa wapi), alipata musichana. Muganga wa hospitali, mutoto wa familia ya Butembo iliyo na nyumba hapa Goma, upande wa ziwa. Kijana alikuja kuniambia akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mutu anayeomba ruhusa ya kwenda choo.

“Papa, njo yeye, ndiye huyo.”

“Yeye nani?”

“Yule nilikuambia.”

“Hukuniambia mutu.”

“Nilimuambia mama.”

Kwetu mambo yanapita hivyo. Mama ya watoto alijua toka mwaka muzima, mimi ninaletewa habari wakati wa kulipa.

Tukaenda kujitambulisha kwa wakwe. Barabara ya Butembo ilikuwa bado inapitika wakati ule, na wazazi wa musichana walikuwa wameteremuka wote wawili. Walitupokea vizuri: sukre baridi, zile soda za chupa, samaki, bugali nyeupe kama shuka ya kanisa. Baba yake ni mutu mutulivu, anakuangalia wakati unasema, na ukimaliza anaendelea kukuangalia. Mama yake alikuwa amekaa pembeni na kikwembe, kitenge cha kawaida, bila pete, bila herini, miguu ndani ya kandambili. Nyuma yake, kwenye kona, kulikuwa magunia matatu ya maharagi.

Nikawaelezea mimi ni nani. Nilianza na chukudu. Nikapita kwa miaka ya kuuza soksi kwa mukono, nikafika kwa duka ya mbao, nikaeleza namna duka ya mbao ilichomwa na volkano na mimi nikarudi kabla mawe hayajapoa, nikapanga sakoshi juu ya jiwe lenye moto, na nikauza. Waliniskiliza vizuri sana. Mama ile alifungua kinywa mara moja au mbili, lakini nilikuwa bado sijafika kwa duka ya pili. Wakati wa kurudi nikamuambia bibi yangu, “Watu wazuri. Wanauza maharagi.”

“Alikuambia nani?”

“Sina macho?”

Sasa mahari. Kwetu, upande wa Masisi, tunahesabu ng’ombe. Kwao wanahesabu mbuzi. Na hapa muji mbuzi haitembei na miguu, inatembea ndani ya anvelope: mbuzi moja dola makumi saba, ndivyo tulipatana. Walitaka kumi na tano. Lakini baba ya musichana, yule mutulivu, alimuangalia kijana wangu kwa muda, akauliza mwalimu analipwa namna gani siku hizi, akajibiwa, akasikitika. Akasema, “Tano tunaziacha. Mulete kumi. Hawa watoto wanapaswa kula hata baada ya arusi.” Nikashukuru. Nilitaka kuongeza neno, bibi yangu akanikanyaga muguu.

Zaidi ya mbuzi, kulikuwa vitu vya wazazi: suti ya baba, blangeti ya nyanya ya musichana, na vya mama, vikwembe, viatu na sakoshi. Sakoshi tu. Hawakuandika chapa, hawakusema ya wapi.

Mama ya watoto akanipa shauri. “Kuna fundi wa ngozi kule Virunga sokoni. Anashona sakoshi ya ngozi ya kweli, nyeusi, haina jina ya mutu juu yake. Dola makumi tatu. Mupelekee mama ile, ataibeba mupaka wajukuu.”

“Bila chapa?”

“Bila chapa.”

“Mimi,” nikamuambia, “mimi ninayevalisha mabega ya wanawake wa huu muji muzima, nipelekee wakwe kitu ambacho hakina hata herufi moja? Watasema nilikiokota.”

“Watasema ni sakoshi.”

Sikumuskiliza. Nilienda mwenyewe kwa depo ambapo ninachukuaka bidhaa, nikamuambia mwenye depo anitolee ile ya juu kuliko zote za juu. Akapanda ngazi, akateremuka na sanduku. Rangi ya kahawa iliyoiva, munyororo wa dhahabu, yaani unaongara kama dhahabu, chapa kubwa ya Italia katikati. Nikafunga macho, nikapitisha kidole. Safi. Akaniitisha dola makumi mbili, nikamukatia mupaka kumi na munane, na nikatoka pale nikijiona mwerevu.

Siku ya mahari ikafika. Kwa wale ambao hawajui namna inapitaka kwetu: siku hiyo baba ya kijana hasemi. Familia ya kijana inachagua musemaji wake, familia ya musichana inachagua wake, na wawili wale njo wanapigana kwa maneno mbele ya watu wote. Mwengine yeyote akifungua kinywa bila ruhusa, anapigwa amande, ndiyo kusema faini, na amande ya nyumba ile ilikuwa kasiye moja ya bia, sanduku nzima ya chupa, kila mara. Wanapenda sana amande. Ninafikiri kuna familia zinazaa wasichana juu ya amande tu.

Musemaji wetu alikuwa muzee mumoja jirani yangu wa Majengo, fundi wa mbao, mutu wa maneno machache na yaliyopigwa randa vizuri. Asubui ile alinishika bega.

“Papa, leo wewe ni kiti. Umeelewa? Kiti hakisemi. Watu wanakikalia, kinanyamaza.”

“Muzee, mimi si mutoto.”

“Mutoto ningemupa bonbon anyamaze. Wewe sina cha kukupa.”

Tukaenda. Kwenye mulango wa parsele yao wasichana walikuwa wameshika kamba, hatuwezi kupita. Tukalipa kamba. Tukaingia, tukakaa chini ya hema upande wetu, wao upande wao, na nyama inanuka vizuri nyuma ya nyumba. Upande wao kulikuwa wamama wengi sana, marafiki za mama ya musichana, wamevaa, wamepaka, kila mumoja na sakoshi yake juu ya magoti. Mimi mutu wa kazi nikaziangalia moja moja na kuzipima kwa jicho. Kopi, kopi, kopi ya katikati, kopi. Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea: yangu itazima zote.

Musichana mwenyewe alikuwa amefichwa ndani. Desturi ni ile: hatoki mupaka kila kitu kimetimia na wakubwa wa kwao wamesema ndiyo. Kisipotimia, munashukuriwa, munakula, munarudi nyumbani na kijana wenu kama mulivyomuleta. Na arusi ya kanisa ilikuwa posho, ndiyo kusema Jumamosi, ile ijayo. Chumba cha karamu kilikuwa kimekwisha kulipiwa, padri amekwisha kuambiwa. Kijana wangu alikuwa amekaa kando yangu na koti mupya, jasho inamushuka kwenye sikio. Hakuwa anaangalia mbuzi wala vikwembe. Alikuwa anaangalia mulango.

Anvelope ikapita, wakahesabu mbuzi kumi, sawa. Suti ya baba ikapita. Kisha shangazi ya musichana akasimama kupokea vitu vya mama. Shangazi yule ni mutu munene, sauti yake haihitaji maikro. Alikuwa anainua kila kitu juu na kukizungusha watu waone.

“Vikwembe! Tunaona. Viatu! Mama, hivi vitakuingia? Vitamuingia. Na hii…” Akafungua sanduku. Akatoa mufuko mweupe. Akatoa sakoshi. Wamama wote wakasema “Eee!” kwa pamoja, na mimi nikanyoosha shingo.

“Wageni,” shangazi akasema, “hii ni orijinali?”

Musemaji wetu akasimama polepole. “Shangazi, sisi tumeleta sakoshi. Cheti chake cha kuzaliwa hatukuleta.”

Watu wakacheka. Jibu zuri, ninakubali. Lingeishia pale. Lakini shangazi alikuwa na ulimi wake.

“Ah, basi tumeelewa,” akasema. “Ni ya Birere.”

Hema nzima ikalipuka kwa kicheko. Ya Birere! Birere yangu! Mahali niliacha nguvu zangu zote, mutu anaitaja kama vile anataja shimo ya takataka. Nikajikuta nimesimama. Muzee alinivuta koti, kifungo kikabaki mukononi mwake.

“Si ya Birere!” nikasema. “Ni orijinali! Ya Italia! Na dola elfu mbili hazitoshi kuipata!”

Halafu upande wote wa ngambo ukapiga kelele, “Amandeee!” Wengine walikuwa wanapiga makofi. Kasiye ya kwanza, dola makumi mbili na tano. Nikatoa, nikakaa, na kusema kweli nilikuwa na furaha. Kwa sababu shangazi alikuwa amenyamaza.

Mama ya musichana akanyoosha mukono. “Hebu nione.” Wakamupa sakoshi. Akaifungua, akaangalia ndani. Aliangalia kwa muda. Akatabasamu, akainama kwa sikio la bwana yake, akamunongoneza. Bwana yake, yule mutulivu, akaniangalia. Kisha wakubwa wao wakasimama wote, wakaingia ndani ya nyumba kufanya mukutano.

“Wameifurahia,” nikamuambia muzee.

“Mimi sijui,” muzee akasema. “Watu wakifurahi wanabakia inje.”

Wakarudi. Musemaji wao alikuwa kijana, mutu wa sheria nafikiri, anasema kama anasoma. “Wakwe zetu, tumefurahi sana. Tumefurahi, na tumepata haya. Siku ile tuliwaona vibaya. Tuliona mwalimu, tukafikiri hii familia haina nguvu, tukaacha mbuzi tano kwa huruma. Leo tumeona tulikosea. Mutu anayemununulia mama sakoshi ya dola elfu mbili, huyo hahurumiwi. Kumuhurumia ni kumutukana. Kwa hiyo, ili tuwaondolee hilo tusi, mbuzi zile tano zinarudi.”

Vigelegele vikapigwa.

“Lakini zile tano zilikwisha kukatwa kwa hesabu!” nikasema.

“Amandeee!”

Kasiye ya pili. Muzee akaomba ruhusa ya kunishauri. Tukainamisha vichwa, yeye, mimi na mama ya watoto.

“Njia ni mbili,” muzee akanongona. “Nikisimama nikasema sakoshi ni kopi, mbuzi zinabakia kumi. Lakini tumemudanganya mama mbele ya marafiki zake.”

“Uliza bei ya hilo kosa. Kila kitu kiko na bei.”

“Hili halina bei. Watatuambia kwa heshima, rudini siku ingine. Siku ingine hiyo inaweza kuwa mwaka kesho.”

“Na njia ya pili?”

“Unalipa Italia.”

Nikamuangalia bibi yangu. Nilingoja anikumbushe fundi wa ngozi, dola makumi tatu. Alinionyesha tu kijana kwa kidevu. Nikageuka. Mutoto wangu, ambaye hajawahi kuniomba kitu zaidi ya madaftari, alikuwa bado anaangalia ule mulango, na nyuma ya pazia ya mulango niliona vidole vya muguu vya mutu, vimepakwa rangi nyekundu, havitulii.

Sasa munijue mimi ni mutu gani. Mimi sitembei na mufuko mutupu. Ndani ya koti nilikuwa na pesa ya bidhaa ya juma lile. Nikaitoa. Na kama ni kulipa, unalipa vizuri: nilihesabu dola mia tatu makumi tano juu ya sahani mbele ya watu, polepole, nikinyoosha kila noti, kama mutu anayegawa mabaki ya sokoni. Wamama wale wakaniangalia kwa macho mengine kabisa. Ile nayo ni kitu. Ile hununui Birere wala Italia.

Muzee akasimama. “Mbuzi zimerudi zizini. Sasa tunaomba mutoto.”

“Bado!” Ni shangazi. “Na mimi? Mimi ninayeinua vitu vya mama hii toka asubui, mikono inaniuma? Mama anabeba Italia, mimi nimufuate nyuma na mufuko wa plastiki?”

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikamunongoneza muzee, “Muambie tutamuletea ndugu yake yenyewe, kesho asubui.” Ingine ya kumi na munane, nilifikiri, na amekwisha. Muzee akatangaza.

“Asante sana, wakwe,” shangazi akasema. “Muilete na fakitire yake. Ya Italia. Juu nisije kupewa ya Birere.”

Wamama wakakufa na kicheko. Muzee aliniangalia na mimi nikaangalia viatu vyangu. Fakitire ya Italia, karatasi ya duka yenye bei, ningeitoa wapi? Wakapatana wenyewe, muzee na shangazi, kama watu wa soko, anapanda, anateremuka, mupaka wakafika dola mia moja, mukononi, badala ya sakoshi. Nikalipa. Sikusema neno. Nilikuwa nimeanza kujifunza kuwa kiti.

Halafu wakaleta mutoto. Kwanza walituletea mwengine aliyefunikwa na kikwembe, tukasema si huyu, wakaleta wa pili, mwenye kutembea kama askari, tukasema si huyu, na wa tatu kijana wangu hakungoja afunuliwe. Alisema, “Njo yeye,” kwa sauti ambayo sikujua anayo. Na ilikuwa yeye. Nilipiga makofi mupaka viganja vikawaka. Pesa unaipata, unaikosa, unaipata tena. Uso wa mutoto wako siku ile hauupati mara mbili.

Tukala. Nikiwa katikati ya mbuzi, ya kweli, yenye pilipili, mama ya musichana akaniita kwa kidole. Nikamufuata nyuma ya nyumba, karibu na masufuria. Alikuwa na sakoshi yangu kwapani.

“Papa mukwe,” akasema, “asante kwa zawadi.”

“Mama, ni kidogo tu.”

“Uliinunua kwa depo gani? Ile ya mulango wa bluu?”

Nikakohoa. “Italia, mama.”

Akaifungua, akanigeuzia ndani. “Angalia hiki kitambaa. Rangi ya majani, na matone meupe. Unakiona? Italia hawajawahi kukiona. Kilibakia kwa watu wanaoshona mashati, kule China. Nilikuwa pale mwenyewe. Nikawaambia, munishonee hiki ndani, kinapunguza bei. Hakuna mutu mwengine yuko na kitambaa hiki dunia nzima. Hizi sakoshi ni zangu, papa. Ninazileta mara mbili kwa mwaka. Butembo, Beni, na hapa kwenu Birere.”

Mutu wa kidole gumba, mimi, nilikuwa nimegusa mushono. Ndani sikuangalia.

“Na maharagi?” nikauliza.

“Maharagi gani?”

“Magunia. Siku ile.”

“Maharagi ni ya kula, papa. Kwako hamuli maharagi?” Akafuta macho kwa kona ya kikwembe, alikuwa anacheka. “Siku ile nilitaka kukuambia kazi yangu. Lakini ulikuwa bado unasukuma chukudu.”

Nikacheka pia, ningefanya nini. Halafu nikakumbuka mufuko wa koti. “Mama, kama ulijua toka mwanzo, mbona hukusema pale pale?”

“Niseme nini? Uliwaona wale wamama? Nusu yao wamebeba sakoshi zangu, na ni marafiki. Wengine niliwauzia kama kopi, wengine walinunua kwa watu walionunua kwangu, na hao sijui waliambiwa nini. Ningesema neno kopi, kila mumoja angefungua yake kuangalia ndani. Kesho nani angeninunulia? Wewe ulisimama ukataja Italia. Mimi nilikusaidia tu kubakia pale.”

“Basi munirudishie mbuzi zangu tano, mama, kati yetu.”

“Mbuzi za mahari hazirudi. Wajomba wamekwisha kugawana. Na zile tano zilikuwa zetu. Tuliziacha sisi, tumezichukua sisi.”

Mutu akikupiga hivyo unamuheshimu. Nikamuambia, “Sawa. Sisi ni ndugu sasa. Wewe depo unamuuzia kiasi gani?”

“Dola saba.”

Saba! Na mimi niliyemukatia yule mutu mupaka kumi na munane na kutoka kifua mbele.

“Basi toka leo unaniuzia mimi mwenyewe. Saba.”

“Kwa depo ni saba,” akasema. “Kwa mukwe ni tisa.”

“Juu ya nini, mama?”

“Juu wewe unaziuza elfu mbili.”

Tukapeana mikono juu ya tisa. Mupaka leo ninachukua kwake, na duka yangu ya pili imepanuka, watu wa Birere wanashangaa ninatoa wapi bidhaa safi kwa bei ile. Siwaambii. Na sasa ninaangalia ndani kwanza, kidole gumba kinakuja baadaye.

Posho ile arusi ilikuwa nzuri sana. Mama mukwe akaja na ile sakoshi, njo heshima yenyewe, watu waone kwamba ameipokea. Akashuka gari mbele ya kanisa, ameshika nyanya ya musichana kwa mukono mumoja, sakoshi kwa mukono wa pili, na pale pale munyororo wa dhahabu ukakatika. Sakoshi ikaanguka juu ya mawe ya volkano, mbele ya wamama wote, ikafunguka. Kitambaa cha majani na matone meupe kikaangalia juu. Nikajisemea, sasa imekwisha, kila mutu atachungulia yake.

Ni shangazi aliyeruka. Aliinama, na mutu wa umbo lile kuinama si jambo dogo, akaifunika kwa kikwembe chake, akaifunga, akasimama na kutangaza kwa ile sauti, “Haya mawe ya Goma! Hata Italia haiwezi!” Wamama wakaitika, “Kweli, haiwezi!” na wakaanza kusimuliana viatu walivyopoteza. Shangazi akapita karibu yangu, akanikonyeza jicho. Mupaka leo sijui yule alijua nini na toka lini.

Mama mukwe akanipa sakoshi na munyororo wake. “Papa, wewe ni mutu wa kazi. Ipeleke ikashonwe.”

Sikuipeleka kwa duka. Niliipeleka kwa yule fundi wa ngozi wa Virunga. Akaishika, akaigeuza, akauliza kama ninataka atengeneze munyororo tu au anishonee kitu kipya ambacho hakitakatika. Mama ya watoto alikuwa amesimama kando yangu, anaangalia sakoshi nyeusi zilizotundikwa, zisizo na jina ya mutu. Nikasema munyororo tu. Akaweka pete ya chuma, akapiga nyundo mara mbili, akaniitisha faranga elfu tatu.

“Papa,” bibi yangu akasema wakati wa kurudi, “hii sakoshi imekula kiasi gani yote?”

Nilikuwa nimekwisha kuhesabu, toka kanisani, wakati wengine wanaimba. Leo kijana yuko na bibi yake, bibi yuko na mimba, na mimi siogopi kutaja bei ya kitu changu: dola mia tano kumi na munane, na zile faranga elfu tatu za fundi.